Zoezi la Saba

Jumanne usiku, juu ya maktaba ya Boston
(si ile ya Marekani; hii ya Lincolnshire, mji wa kabichi),
Bi Glenys Thorpe anachora ubaoni
nukta huku, mshale kule.
"Hili limekwisha," asema. "Hili bado lina mkia."

Tuko tisa. Mikono inanuka liki.
Mchana tunazifunga kwa mpira wa buluu, tatu tatu;
usiku ni zamu ya vitenzi.

Mfano wake ni ufunguo.
Ukisema nimepoteza ufunguo, ungali nje,
mvua inakunyeshea, unajipapasa mifuko.
Ukisema nilipoteza, tutakuuliza: lini?
Huenda uliuona jioni ileile, ukanywa chai, ukasahau.

Nacheka kimoyomoyo.
Kwetu mtu husema mgeni amefika jana
na hakuna anayeshtuka, sufuria inabandikwa.
Kwao, jana ikiingia, "me" inatoka.
Mafahali wawili, zizi moja.
"Lugha hii inadai risiti," anong'ona Dumitru,
aliyekuwa mhasibu Bacău kabla ya kabichi.

Zoezi la saba: andika kuhusu ndugu yako.
Birutė anaandika, anafuta, anaandika.
Kifutio chake kimebaki kama punje ya hindi.

Kaka yake Vytenis alikwenda Norwe kuezeka mapaa.
Hilo lina tarehe: tatu Februari, kipande cha tiketi anacho.
Alipiga simu Pasaka. Hilo nalo lina tarehe.
Baadaye simu ililia wee,
hata namba ikapewa mtu mwingine,
kijana mpole, aliyeomba radhi.

Nilimpoteza kaka yangu, anaandika.
Lini? yauliza kalamu nyekundu pembeni,
kwa wema, bila habari.

Polisi wa Bergen waliuliza hivyo hivyo.
Mama yao, kule Panevėžys, huuliza kila Novemba,
watu wakienda makaburini na mishumaa:
awashe, asiwashe?

Birutė anakodolea macho ile nukta.
Kisha anakata "li" kwa mstari mmoja
na juu yake anaandika "me",
herufi mbili, nzito, karatasi karibu itoboke.

Sahihi, anaandika Bi Glenys.
Halafu anasoma tena. Kalamu inabaki hewani.

Asubuhi, saa kumi na moja, ndani ya gari la shamba,
kioo kimejaa ukungu wa pumzi zetu,
Birutė ananiuliza: nyinyi mnasemaje?
Nafikiri hadi tumepita daraja la mto Witham.
Tuna kitu kimoja, namwambia, wao hawana,
kidogo, kinakaa katikati ya neno:
hajarudi.
Si kwamba harudi. Si kwamba hakurudi.

Ha-ja-ru-di, asema,
na siku nzima, kwenye mkanda wa liki,
naisikia midomo yake ikiihesabu,
tatu, mpira, tatu, mpira,
ja.