Usikivu, Namba Saba

Betri ya mraba naijaribu kwa ncha ya ulimi:
ikiuma, ina uhai.
Ndivyo tulivyofunzwa sisi mafundi redio wa Isevya,
na mashine hii nayo ni redio tu
isiyo na stesheni,
inayongoja udongo utangaze.

Waya wa sahani nimeuzungushia fimbo
nikaukaza kwa mpira wa baiskeli.
Ukilegea hupiga kelele za uongo,
na mimi nimeshachimba uongo mwingi.

Shamba ni la Nyamizi, Ipuli, kando ya reli.
Karanga zimeng'olewa, matuta yamelala.
"Chimba," amesema, "ila mashimo ufukie,
na ukipata mali ya Mjerumani, tugawane."
Kapela, mwanawe, amesimama na beleshi.
Beleshi! Kwa kitu cha ukubwa wa ukucha.

Mali ya Mjerumani. Huku kwetu
hata anayeinama kufunga kamba za viatu
hukusanya watazamaji.

Udongo huu mwekundu una chuma chake cha asili,
changarawe huitikia hata haijaitwa.
Basi kwanza nausawazisha:
napandisha sahani, nashusha,
napandisha, nashusha,
kama apepetaye mchele wa kuazima,
hadi udongo uache kujitaja.

Usikivu, namba saba.
Kumi ni tamaa; kwenye kumi
hata nguzo za umeme hukuimbia.

Kisha kitufe cha ubaguzi.
Ukikizungusha kulia, mashine haisikii msumari,
haisikii kizibo wala chuma chochote,
inabaki na masikio ya shaba na fedha.
Mwaka mzima nilikiacha kulia
nikawa napita juu ya majembe,
majembe ya kufuliwa, ya babu za babu zetu,
yaliyooa wanawake
kabla pesa haijafika huku.
Nilipita juu yake nikipiga mluzi.

Siku hizi nakirudisha kushoto, mpaka sifuri,
nachimba kila kinachojibu:
vizibo vya soda kumi na kimoja,
bawaba,
nati ya reli nzito kama kinyongo,
ganda la risasi. Kapela akalipuliza kama filimbi,
likatoa vumbi, halafu sauti.
Takataka zote naziweka mfuko wa turubai kiunoni.
Sikurudishii ardhini kitakachokuchoma mguu.

Saa nne, mlio mwembamba: ti.
Nikapita toka upande wa reli: ti.
Nikapita toka upande wa nyumba: ti.
Nikachomeka kijiti cha kuelekezea shimoni,
kikatetemeka kiganjani kama mende.
Kisu sasa, si beleshi.

Duara ya manjano iliyopauka.
Sikuisugua. Niliimwagia maji ya chupani, kidogo kidogo.
Taji. 1916. Ishirini.
Wanasema zilichapwa papa hapa Tabora,
karakana ya reli, vita ilipofunga njia zote,
na shaba nyingine ilitoka kwenye maganda ya mizinga.

Nyamizi aliisogeza mbali na macho, miwani kaiacha ndani.
"He... lle... r."
Akanitazama.
"Hela?"

Hela.
Neno tulilonunulia chumvi jana,
neno la kila ugomvi wa nyumba hii,
limelala kina cha kiganja chini ya karanga zake
muda wote huo.

"Inanunua nini?"
"Hata kibiriti hainunui."

Akacheka mpaka akakaa kwenye tuta.
Kisha akaifunga kwenye pindo la khanga,
fundo lile lile lenye elfu mbili ya mashine ya kusaga.
Habari ya kugawana haikutajwa tena,
nami sikuikumbusha.

Nikamvisha Kapela spika za masikioni.
Mkono wake ukaenda moja kwa moja kwenye kitufe,
kulia.
Nikakirudisha kushoto.
"Polepole," nikamwambia, "kama unapiga deki."

Hatua sita, akasimama.
"Huu mnene," akasema. "Unakoroma."

Nikampa kisu.