Hesabu ya Sisimizi

Sisimizi ndio walioanza kunitonya.
Asubuhi ya pili baada ya mashine kupita shamba namba saba,
lile linalopakana na reli nyembamba ya kiwanda,
walikuwa wameshika njia, msururu kwa msururu,
kuelekea mahali ambapo mimi niliona majani matupu.
Sisimizi haendi kwenye majani matupu.

Baba yangu, Ottavio, alivuna kwa panga miaka kumi na tisa,
uso umejaa masizi kama tako la chungu,
na pingili ikimponyoka aliinama kuiokota.
Kila pingili. Mgongo ukapinda kwa kuokota,
hata fundi wa jeneza alimpima mara mbili.

Siku hizi hainami mtu.
Mashine ya Darryl Kepa huingia mstarini alfajiri,
hukata chini, humeza, hukatakata,
na juu ya shingo yake feni huvuta majani
na kuyatema nyuma kama mla muwa atemavyo makapi.
Trela hupokea pingili. Kiwanda hupokea trela.
Mimi hupokea karatasi,
na kwenye karatasi kilichopotea hakina mstari wake.

Kwa maana hakianguki. Hilo ndilo nilikuwa sijalielewa.
Kinachoanguka utakiona, utakitukana, utakiokota.
Lakini pingili ikivutwa na feni hugonga panga zake
ikawa ukungu, ikawa harufu, ikawa kitu
unachokipumua ukidhani ni asubuhi njema.
Miaka ishirini na miwili nimesimama ukingoni mwa shamba
nikisema, "Hewa ya mavuno ni tamu,"
nikivuta pumzi, nikila mtaji wangu.

Nikatandaza turubai la buluu kati ya mistari.
Darryl akapita. Sikumwambia.
Nikakusanya majani yote yaliyoliangukia, nikayaloweka kwenye ndoo,
nikayafikicha kama nafua soksi za mtoto,
nikachovya kidole.
Mungu wangu.
Nikachovya tena, maana mtu haamini ulimi wake mara moja.

Saa sita mchana nilimpelekea kikombe.
Alikuwa kivulini mwa tairi, anakula mkate na samaki wa kopo.
Akanywa, akidhani ni chai iliyopoa.
"Nerina, umetia sukari nyingi."
"Umetia wewe," nikasema.

Simlaumu. Darryl hulipwa kwa tani.
Mkopo wa mashine ile ungenunua nyumba mbili pale Ingham,
nyuma ya shamba langu kuna mengine kumi na moja,
na mawingu yakianza kupanda milima ya magharibi
hakuna mkulima anayemwambia mvunaji, pole pole.
"Nikipunguza feni majani yataingia kwenye trela.
Kiwanda kitanung'unika. Kitakukata wewe, si mimi."
"Na usipopunguza?"
Akakitazama kikombe.

Tulikaa pale na penseli, nyuma ya karatasi ya mkate.
Feni: kutoka mizunguko elfu moja na mia moja hadi mia nane.
Mwendo: kutoka kilomita nane kwa saa hadi tano.
Visu vibadilishwe kabla havijawa vijiko,
maana kisu butu hakikati muwa, huutafuna,
na kisiki kilichotafunwa huchipua kwa kinyongo.
Saa zitakazoongezeka nitalipa mimi.
Hapo tu ndipo alipoinua macho.

Alasiri ile mashine ilitembea kama mtu aliyebeba mayai.
Gino Pellizzon akasimamisha gari barabarani, akapiga honi,
akauliza kama imeharibika.
Trela lilikuwa na majani, kweli,
mengi kuliko nilivyopenda.
Karatasi ya kiwanda itakuja Ijumaa. Sijui itasema nini.

Lakini jioni nilivuta pumzi ukingoni mwa shamba
na hewa haikuwa na ladha yoyote.
Udongo tu. Dizeli kidogo.
Kulipokucha nikaenda na tochi, nikapiga magoti,
nikafukua majani kwa vidole.
Walikuwepo saba. Labda wanane.
Wakizungukazunguka, kama watu waliofika harusini
siku moja baada ya karamu.