Miliampia Ishirini

Burnley, na mvua ya Februari haina haraka.
Mezani kwangu, juu ya gazeti la juzi,
taa ndogo nyekundu inangoja uamuzi:
nani ataishusha nguvu ya ukutani,
volti mia mbili na thelathini,
mpaka chakula chake kidogo,
miliampia ishirini?
Anachotaka ni tone tu.
Lakini tone liko mtoni, na mto umefurika.

Taa ni ya Bi Hargreaves, ghorofa ya juu.
Miaka thelathini na mmoja ya mitambo ya kufuma
ilimla masikio yote mawili.
Kengele ya mlango hulia, yeye hageuki;
mjukuu hugonga mpaka vidole vinamwiva.
Nikamwandikia nyuma ya bahasha:
Nitakutengenezea kengele ya kuonwa.

Nilianza na njia ya mkato.
Kapasita moja, vikinza viwili, daioda chache;
vyote havikufika bei ya kikombe cha chai,
na taa ikawaka, kweli, ikawaka vizuri.
Ila njia hiyo haina ukuta.
Kila waya humo ni ndugu wa damu wa soketi;
ukiugusa, umegusa mtaa mzima.
Nikajiambia: nitaufunika. Nitabandika onyo.

Akaingia na sinia, mikono imelowa,
macho yako kwenye vikombe.
Akalitua. Akanyoosha kidole.
Usiguse!
Nilipiga ukelele uliowaamsha mbwa wa jirani,
na kidole kikaendelea kuja.

Niling'oa plagi, na gazeti, na chai yote.

Onyo ni la mwenye masikio.

Chaja ya mnadani nayo nikaipasua:
nyepesi kama ganda la karanga,
na ndani yake, baina ya mauti na mkono,
unene wa ukucha.
Nikaitupa.

Ikabaki ile nzito, transfoma ya redio iliyokufa:
koili mbili zisizogusana maishani,
zinapashana habari kupitia chuma.
Aibu zake nikamwandikia zote.
Ni kubwa. Inapata joto.
Hailali: wati moja na nusu, mgeni awepo asiwepo,
pauni tatu na ushee kwa mwaka, kwenye bili yako.
Halafu inanguruma.

Neno hilo la mwisho alilikazia macho.
Akaweka kiganja juu ya kisanduku,
akakiacha hapo.
"Kiwandani," akasema, sauti imezidi chumba,
"mtambo ukiugua, mkono ndio uliojua kwanza."
Akachukua kalamu yangu, akafuta pauni tatu.

Nikatia fyuzi ya ampia tatu, nikakaza skrubu.

Siku hizi nikimpelekea barua zake
namkuta kwenye kiti karibu na mlango,
mkono juu ya kisanduku
kama mtu anayempapasa paka.
Taa haijawaka. Hakuna aliyekuja.