Kilo Tisa

Kazi yangu ni mizani.
Kila kinachopaa kutoka Mtwara hupita kwanza mbele yangu:
viroba vya korosho za zawadi, zilizobanguliwa Newala,
kasha la sampuli za damu kutoka Ligula,
na abiria wenyewe, mmoja mmoja,
kwani ndege yetu ni ndogo na haipendi kudanganywa.
Watu huona haya. Mama mmoja wa Chikongola
alivua viatu, akavua na kilemba,
kana kwamba unene unakaa kichwani.

Rubani hapimwi.
Rubani ana namba yake kitabuni, themanini na moja,
tangu mwaka aliopewa leseni,
na kitabu hakijauliza tena.

Mwezi ule ndipo ilipoanguka ile nyingine, ya mbali,
yenye watu mia na kitu.
Tulidhani injini. Tukadhani radi.
Kisha kinasa sauti kikasema:
mlango ulifungwa kwa ndani.
Mwenzake aligonga. Aligonga sana.
Na aliyeshika usukani alikuwa akipumua kama mtu anayesoma gazeti.

Zikaja karatasi mpya.
Swali la kumi na moja: Unalala vizuri?
La kumi na mbili: Umewahi kutamani usiamke?
Marubani wote walijibu vizuri mno,
maana anayesoma anga anajua kusoma karatasi.
Ukijibu vingine, mabawa yanabaki ofisini,
pamoja na ada ya watoto, na kodi ya nyumba, na jina.
Mficha maradhi kifo humuumbua, husema watu.
Hawasemi kitaumbua na wangapi
waliokaa siti za nyuma.

Alhamisi, saa kumi na mbili na robo, taa bado zinawaka,
Kapteni Nandonde akapanda mizani bila kuambiwa.
Sabini na mbili.
Tukaitazama namba sote wawili
kama mgeni aliyesimama mlangoni bila hodi.
"Kilo tisa," nikasema. "Zimekwenda wapi?"
"Sijui. Nilidhani ninazo."
Kisha, kwa sauti ile ile anayotangazia hali ya hewa:
"Siku ya nne sijalala. Jana, juu ya Kilwa,
niliyatazama maji nikayaona yametandikwa.
Usiniache nipande, Somoe."

Mizani haina kitufe cha jambo hilo.
Nilimpa kiti changu. Nilimpa chai kwenye kifuniko cha chupa.
Nikapiga simu Dar, nikasema rubani mgonjwa.
Wakauliza, mgonjwa wa nini, malaria?
Nikasema, ndiyo, malaria.
Hapo na mimi nikawa nimelijibu swali la kumi na moja
kama walivyolijibu wengine.
Ni yeye aliyenyoosha mkono akaomba simu.
"Si malaria," akasema. "Kaeni muandike. Nitakwenda polepole."

Mfanyabiashara wa ufuta alipiga meza hadi stapla ikaanguka.
Bwana harusi, suti yake ndani ya mfuko wa nailoni,
aliuliza mara tatu kama hakuna rubani mwingine Mtwara nzima.
Mtu akasema kichaa. Mwingine akasema uraka huo.
Nandonde yuko pale pale, kofia magotini, anasikia,
na chai inapoa.

Leo wapo wanaosema yuko Mirembe, wakisema kwa kicheko.
Wapo wanaosema anafundisha vijana hesabu za upepo.
Namba yake kitabuni imekatwa kwa wino mwekundu
na pembeni hakuna neno.
Hakuna gazeti lililoandika Alhamisi ile.
Ingeandikwa nini? Ndege ilishinda juani,
paka akalala chini ya bawa.

Abiria waliondoka na basi la saa nne:
Mingoyo, Nangurukuru, Somanga, daraja la Rufiji,
wakashuka Mbagala usiku, miguu imevimba,
wakiwa wamemlaani njia nzima.
Nilikuwa nimeshawapima, kwa mazoea.
Watu kumi na wawili, kilo mia tisa na sita.
Zote zilifika.