Pindo la Kukulia

Milioni moja, laki moja na nusu.
Nimezihesabu mara tatu ndani ya basi kutoka Arua,
mara ya nne chooni, tulipofika Kampala,
pesa za kopo la vifungo:
suruali za wanafunzi, gauni za komunyo ya kwanza,
zipu za watu waliosema watalipa Ijumaa
na safari hii, kwa muujiza, wakalipa.

Kayemba muuza vinanda ananipokea kama bibi harusi.
"Mama, hii hapa! Vitufe themanini na vinane,
sauti mia sita. Ina zeze, ina tarumbeta,
ina mvua, ina helikopta."
Namuuliza, helikopta inaingia ubeti wa ngapi?
Mimi najua nyimbo nne.
Ya tano naijua kwa mkono wa kulia tu,
wa kushoto bado unaomba radhi.
Bei yake milioni nne.

Ananishusha rafu ya chini.
Vitufe sitini na kimoja, laki tano,
vyepesi kama vifungo vya plastiki.
Nabonyeza taratibu, kinapiga kelele.
Nabonyeza kwa nguvu, kelele ileile.
Hakijui kama nimekasirika au nabembeleza.
"Hiki ni cha anayeanza," asema.
Lakini mimi sianzi leo.
Miaka miwili nimefanya mazoezi juu ya meza ya kukatia,
vitufe nimevichora kwa chaki ya fundi,
muziki nausikia kichwani peke yangu;
na Jumamosi, saa moja tu, piano ya kanisa,
mwalimu Ondoga akivitazama vidole vyangu
kama mtu aliyeachiwa sufuria ya maziwa jikoni.

Basi nipige hesabu kwa ninachokijua.
Kila mwaka shule zikikaribia kufunguliwa, wazazi huniletea mtoto:
"Fundi, pima kubwa, atakua."
Nimeona sare iliyokunjwa mara tatu,
mtoto kamaliza darasa la saba
vidole bado vimo ndani ya mikono ya shati.
Nimeona na ile ya kubana, ya mzazi aliyeogopa bei,
imepasuka kwapani kabla ya Pasaka,
akalipa mara mbili.
Mimi huacha pindo la vidole viwili.
Mwili hukua, ndiyo,
ila haukui kwa kasi ya kiburi cha mama yake.

"Cha katikati hakuna?"

Kayemba anakuna shingo.
Nyuma ya pazia, chini ya maboksi ya spika,
anavuta piano nyeusi iliyokwisha kutumika.
Vitufe vyote themanini na vinane, vizito,
vinashuka kama unyayo kwenye udongo wa mvua
na vinapanda vyenyewe.
Sauti kumi. Helikopta hakuna.
Chini, kanyagio moja,
na mguu wangu, miaka thelathini wa cherehani,
ukaenda wenyewe kabla sijautuma.

"Ina kasoro," akasema, na ukweli huo ukamgharimu.
Kitufe cha mwisho kabisa, kushoto, ni bubu.
Nikakitazama kule mbali.
Mkono wangu wa kushoto, mwoga huu,
utafika kule mwaka gani?
Kimo ndani ya pindo.
Siku ukifika, tutatafuta fundi.

Laki tisa na themanini, pamoja na waya wake.
Stendi sikununua, meza ya pasi nilikwisha kuipima.
Nikaongeza hedifoni za elfu thelathini
kwa ajili ya jirani
na ya ndoa yangu.

Usiku wa kwanza nyumbani
umeme ukakatika katikati ya wimbo wa pili.
Sikuondoa mikono.
Gizani vitufe vikawa vinasema tup, tup, tup,
mguu chini unakwenda,
na Adriga, kutoka kitandani, akauliza
ni nguo ya nani hiyo
isiyoweza kungoja asubuhi.