Vuta Wima

Bizari amerudi alfajiri, manyoya yamelowa umande wa Kingussie,
paka wa rangi ya jina lake.
Karuka mezani, kanigonga kidevu kwa kichwa,
nami, bado katika sare ya zamu ya usiku,
nikampapasa shingo nikakuta kitu:
kijivu, kimevimba, kigumu kama mbegu ya mbarika.

Kumbe hata huku mpo.
Hata kwenye baridi hii
mnakaa kwenye ncha za majani, mikono mmeinyoosha
kama watoto wanaosubiri kupakatwa.

Baba yangu alikuwa mtu wa josho, kule Same.
Harufu ya dawa ilikaa kwenye shati lake hata Jumapili kanisani.
Kwa mbwa alitumia mafuta ya taa, au ncha ya sigara:
"Mchome tako, atajing'oa mwenyewe."
Baba, nasema kwa heshima, ulikosea.
Kupe akichomwa hutapika kabla hajaachia,
na alichotapika hubaki ndani.

Basi leo hakuna kiberiti. Hakuna mafuta.
Nakijwa, lete lile taulo la bluu.
Mkunje kama sambusa, kichwa kibaki nje.
Mwimbie chochote. Si huo wa shule.
Haya, huo wa shule.

Glovu za kazini, zile ninazovaa kumgeuza Bwana Farquhar ubavu wa pili.
Kibanio cha nyusi, nimekichovya spiriti.
Natenga manyoya kama ninayesuka mtoto: njia, ngozi, pale.
Miguu minane inachezacheza hewani.
Tumbo siligusi. Tumbo ni gunia,
ukilibinya linamwaga lilimo.
Nashuka hadi ngozi inapoanza,
nashika kichwa,
navuta.

Sipindishi. Sinyakui.
Wima, polepole, kama mtu anayechomoa uzi
na hataki kitambaa kijue.
Ngozi inainuka, kihema kidogo.
Bizari analia mara moja, kilio cha aliyesalitiwa.

Dukani jana kulikuwa na gazeti
lenye kichwa kikubwa kuhusu sisi tunaokuja kunyonya.
Usiku huu nimenyanyua watu wazima wanne,
nimewaosha, nimewarudisha kitandani kwa majina yao.
Sikulinunua. Nilinunua maziwa na chakula cha paka.
Subira, nasema,
sijui namwambia nani.

Ameachia.

"Mama, ametoka na mdomo?"
Tunamlaza kwenye karatasi nyeupe chini ya taa,
tunamkagua kama maofisa wa uhamiaji.
Mdomo upo. Miguu ipo.
Ndani ya kichupa cha dawa ya kikohozi, spiriti kidogo, kifuniko.
Nakijwa anaandika tarehe kwenye plasta, na neno SHINGO,
maana Bizari akikataa chakula wiki zijazo, au akichechemea,
daktari atauliza.
Anataka kumpa na jina. Nakataa.
Nikigeuka kidogo, ameshaandika: Mheshimiwa.

Pamba, maji ya chumvi, kidonda kisichozidi kichwa cha pini.
Sabuni hadi viwikoni.
Kisha napapasa upya, nyuma ya masikio, kwapani,
katikati ya vidole anavyovichukia kushikwa,
chini ya kidevu—

Nakijwa.
Lete tena taulo.