Ziwa Ndani ya Gunia

Jana usiku Mbwana alinijia na daftari:
"Bibi, tumeambiwa tuchore Maziwa Makuu."
Mama yake, Zaharia, alikuwa mkekani ananyonyesha,
akacheka hata kichanga kikaachia titi.
Nami nikacheka, Mungu anisamehe,
lakini lugha ndiyo iliyoanza mzaha, si sisi:
neno moja, ziwa, limebeba maji na mtoto.

Sijaliona ziwa. Nasema kweli tupu.
Nimezaliwa Barabara ya Kumi na Mbili, Ngamiani,
nikaolewa Barabara ya Kumi na Nne,
na maji makubwa niyajuayo yako Raskazone,
ya chumvi, ya kwenda na kurudi.
Ila mwaka wa ishirini na tatu huu nauza dagaa Mgandini,
na afunguaye gunia kila alfajiri
hujua mambo ambayo ramani huyanyamazia.

Gunia la Musoma, la Magesa, lina mchanga.
Huko huanika chini, ufukweni;
nusu ya Tanga imeshatafuna ukingo wa Nyanza.
Pana lile, asema Magesa, pana hadi ng'ambo ni hadithi,
lakini kwa kina, ukilipima na mwenziwe, ni sahani.
Gunia la Kigoma halikwaruzi jino,
dagaa wake kama sindano mpya, bei yake ya harusi.
Huko ziwa ni ufa. Ardhi ilipasuka,
maji yakaingia, yakashuka, yakashuka,
hata chini kabisa hakuna pumzi wala samaki,
giza tu, kongwe kuliko majina yetu.
Na Nyasa? Nyasa hunijia kwa nadra,
usipa kwenye ndoo ya mgeni wa Mbamba Bay.

Mwezi ukijaa, Magesa hapokei simu.
Dagaa hufuata taa, taa hutaka giza;
mbalamwezi ikitanda, wavuvi wa huko hulala
na mimi hupandisha bei ya kisado.
Mwezi huohuo hapa kwetu huleta bamvua.
Nikamuuliza siku moja: huko maji hujaa saa ngapi?
Kimya. Alidhani namtania.
"Ziwa halijai halitoki, Bi Mwanamkuu. Lipo."
Neno hilo, lipo, nililala nalo siku tatu.
(Mwaka wa mvua zile, lakini, lilipanda lisishuke,
likameza uwanja wake wa kuanikia
na choo cha mamake.)

Mbwana akaanza kuvuta mito kwa kalamu ya bluu.
Nyanza inatokea Jinja, inashika njia ya Misri.
Tanganyika, ikishiba mvua, humwagia Lukuga,
kisha Kongo, kisha bahari ya huko jua linakozama.
Nyasa peke yake yaja upande wetu,
kwa Shire, kwa Zambezi, tena mbali, kusini.
Akainua kalamu.
"Bibi, hakuna hata moja linalofika Tanga."
Nikatazama. Kweli. Yote yametupa kisogo.
Sisi twanywa Zigi, mto mfupi, mtoto wa milima ya Amani.

Chora mwingine, nikamwambia.
Anzia Musoma, pita Singida, Babati, Arusha,
Same, Korogwe, Muheza,
mwishilize Mgandini, kizimba cha tatu, kwa bibi yako.
"Mwalimu atakosoa."
Akosoe. Amekula nini mchana?
"Unaitwaje huo mto?"

Sikuwa na jina. Nikamimina dagaa kwenye maji,
nikawasugua, nikawaopoa,
mchanga ukatua chini ya sufuria,
punje kumi, kumi na tano, kijivu.
Njoo uone, nikamwita. Nyanza hiyo.
Akainama, akatia kidole, akaonja.
"Haina chumvi," akasema, kama aliyeibiwa.
Kichanga kilikuwa kimerudi titini.
Tui lilianza kutokota,
nami nikarukia mwiko, nikoroge, lisikatike.